Mshono Mwekundu

Jina la Bi Moshi alipewa na mumewe, fundi cherehani, kwa ajili ya ile pasi ya mkaa aliyokuwa akiipepea mlangoni mwa duka lao. Fundi alishona, mkewe akanyoosha, na wateja hawakukauka. Kisha fundi akafariki. Haikupita miezi mingi, mjane akaanza kuanguka.

"Kifafa, ukubwani huu!" majirani walinong'ona.

Daktari wa kliniki alikuwa binti mpole. "Mama, damu tutapima sisi, na kichwa tutakipiga picha. Lakini siku zako unazijua wewe. Chagua mwenyewe mambo ya kufuatilia, yale yanayokugusa, halafu uje unionyeshe."

Kalamu hakuizoea. Akachukua kipande cha kitambaa, na kila jioni akatia mshono: mweupe akiwa amelala vizuri, wa bluu akiwa ameshika pasi bila woga, mweusi siku aliyoanguka. Na mwekundu.

"Huu mwekundu je?" daktari aliuliza. "Mbona kila penye mweusi umetangulia huu?"

"Kichefuchefu tu, mwanangu."

Haikuwa kichefuchefu. Kabla ya kuanguka, duka lilijaa harufu ya mafuta ya cherehani, kisha nyuma ya pazia sauti ikaita, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye pini mdomoni: "Bi Moshi." Mwanzo aliogopa. Baadaye akawa anaingoja. Vidonge alivyopewa kliniki akameza leo, kesho akavisahau makusudi.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Asubuhi moja wifi yake, dada wa marehemu aliyekuwa akiishi naye, alikuwa ameinama akiokota nguo. Sauti ikaita. Bi Moshi akageukia pazia, pasi mkononi.

Alipozinduka, makaa yalikuwa yametapakaa sakafuni, na wifi ameshika mguu uliobabuka.

"Ulikuwa unatabasamu," wifi alisema, machozi yakimlengalenga. "Ulikuwa unamchekea nani?"

Siku hiyohiyo walikwenda kliniki wote wawili, na Bi Moshi akasema yote. Daktari hakucheka.

"Kwako ugonjwa unabisha hodi kwa njia hiyo, mama. Ukimeza dawa sawasawa, hutaanguka tena."

"Na yeye?"

Daktari alikiangalia kile kitambaa kwa muda. "Na yeye hatakuita tena."

Akameza. Mishono myeusi ikakoma, na myekundu ikakoma nayo. Kitambaa kikajaa nyeupe na bluu, wateja wakarudi, watu wakampa hongera. Lakini mara kwa mara mkono ulisita juu ya shati, sikio likaelekea kwenye pazia, mpaka shati likaanza kunuka kuungua. Nyuma ya pazia palikuwa na panya tu.

Siku moja wifi, mguu umepona na kovu limebaki, alimkuta ameketi kwenye kiti cha fundi.

"Nimemzika mara mbili, wifi. Ile ya kwanza watu walijaa mpaka uani. Hii ya pili hakuna hata wa kunipa pole."

Wifi akakaa chini karibu naye. Akauliza polepole, kama anayeona haya: "Hakuniulizia mimi, hata siku moja?"

Fundi hakuwahi kutamka zaidi ya lile jina. Bi Moshi akamshika wifi yake mkono.

"Alikuulizia," alisema. "Alikuulizia sana."