Fundi wa Kiganjo Aliyekubali Kuwa Mlezi Mara ya Pili

Saa moja asubuhi mtaani Kiganjo, Thika, Waithira Njau tayari ana pini mdomoni. Mbele yake amesimama mwanafunzi wa maabara, mikono ameinyoosha kama mtu anayekaguliwa langoni, huku fundi huyo akipima bega la koti jeupe.

"Ukiinama kwa maikroskopu, lisikuvute hapa mgongoni," anamwambia, kisha anapiga alama kwa chaki.

Waithira, mwenye umri wa miaka 54, ameshona sare za wanafunzi wa vyuo kwa miaka kumi na tisa. Msimu wa usajili kazi humiminika. Ukipita, hubaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Majirani humwita Mama Ciku, kwa jina la binti yake aliyeolewa Ruiru.

Wanafunzi wa kigeni wanamjua kwa jambo jingine. Mara mbili amekubali kuwa mlezi wa msichana asiye wa ukoo wake, ili msichana huyo aruhusiwe kusoma. Mara ya kwanza ilimwachia jeraha.

Chuo kimoja cha afya mjini Thika hakimsajili mwanafunzi wa kigeni aliye chini ya miaka kumi na minane mpaka apate mtu mzima anayeishi Kenya. Huyo ndiye atakayeitwa mtoto akiugua, akikosa darasani au kibali chake cha kuishi nchini kikileta shida. Vyeti vinaweza kuwa vimetafsiriwa na mwanafunzi akawa amefaulu mtihani wa Kiingereza, lakini bila mlezi mlango haufunguki.

Wa kwanza, Amida kutoka Burundi, alikuwa mteja wake, kisha akawa mgeni wa kila Jumapili. Alipomwomba awe mlezi wake, Waithira aliweka sahihi bila kuuliza mengi.

Muhula wa tatu alipigiwa simu kutoka chuoni. Amida hakuwa ameonekana darasani kwa wiki kadhaa. Waithira, aliyekuwa ameambiwa na msichana mwenyewe kwamba yuko hospitali ya mbali kwa mafunzo ya vitendo, aliitwa kujieleza, kisha akapelekwa kituo cha polisi kuandikisha taarifa.

"Niliulizwa jina la babake, sikulijua," anakumbuka. "Na mimi ndiye mlezi."

Alifunga duka akaenda Ruiru, kwa kuwa Ciku alikuwa amesikia kuna msichana Mrundi kwenye saluni moja huko. Alimkuta akiosha wateja nywele. Amida hakukimbia. Alifunga mfereji, akajipangusa mikono, akamfuata nje.

Alimweleza kwamba baba yake, aliyekuwa akimlipia masomo, alikuwa amefariki, na aliona aibu kusema. Kufikia hapo chuo kilikuwa kimefuta usajili wake, na kibali cha mwanafunzi hakina maana kwa mtu asiyesoma. Waithira alimsindikiza mpaka Nairobi, akamsubiri apande basi la kwao. Waliagana bila maneno makali.

Mumewe, Wainaina, fundi wa mabomba, hakumlaumu. Alimwomba tu asiweke tena sahihi kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua. Waithira akakubali, na akawa anawakatalia wote waliokuja.

Miaka miwili baadaye aliingia Firdaus, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Alipimwa, akachagua kitambaa. Waithira alipomuuliza anataka koti lini, msichana alimsihi asikate kitambaa kwanza. Mjomba aliyetarajiwa kuwa mlezi wake alikuwa ameondoka Mombasa kwenda kufanya kazi ng'ambo, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Hakuomba msaada wowote.

"Hiyo ndiyo ilinisumbua," asema Waithira. "Angelia ningemwambia pole, aende. Lakini yeye alikuwa anafikiria hasara yangu."

Jioni alimsimulia mumewe. Wainaina akamuuliza kama anamjua mama ya huyo msichana. Hakumjua.

Kesho yake alimtaka Firdaus ampigie mamake simu. Kiswahili cha Thika na Kikomoro vina undugu, lakini vilipishana mara kwa mara, na Firdaus akawa anatafsiri palipokwama. Waithira aliuliza yote ambayo hakuuliza kwa Amida. Nani analipa? Huyo asipoweza, nani atafuata? Msichana ana ugonjwa gani, na katika ukoo apigiwe nani?

Mama huyo alisikiliza, akajibu yote, halafu naye akauliza lake.

"Akikosea, utamwambia kama mwanao?"

"Nitamkanya," Waithira akamjibu, "halafu nitakupigia simu."

Alhamisi alienda chuoni na mumewe. Karani alihitaji mlezi mmoja tu. Wainaina, aliyekuwa amesema amekuja kumsindikiza mkewe, aliomba jina lake pia liandikwe.

Safari hii Waithira alikuwa na sharti moja: tatizo lolote yeye alisikie kabla ya chuo. Mwaka jana Firdaus alianguka kemia. Alitoka chuoni akaja moja kwa moja dukani, kabla hata ya kupita hosteli.

"Hapo nikajua tumeelewana," asema. Mtihani ule Firdaus aliurudia, akapita.

Firdaus sasa ana miaka kumi na tisa na yuko mwaka wa mwisho. "Huku kila mtu huniuliza natoka wapi," asema. "Mama Ciku huniuliza nimekula nini."

Amida pia hupiga simu siku za Idi. Anauza dawa katika duka la shangazi yake mjini Bujumbura, na amemwambia Waithira kwamba bado anataka kurudi darasani.

Waithira hajawahi kutoka nje ya Kenya. Mwezi ujao anapanga kwenda kuomba pasipoti, kwa sababu Firdaus akihitimu anataka kusafiri naye mpaka Ngazija. Wainaina anaogopa ndege, na ameshasema atabaki kulinda nyumba.

"Yule mama alinikabidhi mtoto kwa simu," asema Waithira. "Kumrudisha, nataka nimshike mkono mpaka kwa mlango wao."