Udongo wa Nyuma ya Stoo

Mama alishuka kutoka Old Moshi kuja kuishi kwangu Soweto, hapa Moshi mjini, baada ya sukari kumharibia macho. Daktari alimwambia apunguze ndizi na nyama ya mafuta, ale mboga za majani kwa wingi. Mimi nikaichukua kauli ile kama amri. Ndivyo nilivyo, nikishapewa jambo la kusimamia, nyumba nzima inakosa raha.

Tatizo, mama hakuziamini mboga za sokoni. Alisema zinamwagiliwa maji ya mtaro.

"Nitakula zilizoota kwenye udongo wa nyumbani," akasema, akidhani amenishinda.

Jumamosi iliyofuata nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikapanda kihambani kwetu, kwenye migomba na kahawa alizotuachia marehemu baba. Katikati ya migomba ardhi ilikuwa imejaa mizizi, na mimi na jembe hatuelewani. Nyuma ya stoo ya zamani palikuwa peupe, hapajaota hata jani, udongo laini. Nikajaza viroba kumi na viwili, nikarudi mjini naimba.

Jirani yetu, bibi wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alinipa mbegu za uwatu. Alisema kwao majani yake hupikiwa wagonjwa wa sukari. Kwenye viroba vile nikapanda uwatu, spinachi na mnafu, ile mboga yetu chungu. Mama alipoonja uwatu mara ya kwanza alikunja uso.

"Kumbe na wao wana mnafu wao," akasema, akaongeza kijiko. Nilifurahi kama mtoto.

Mboga zilitoka safi mno. Hakuna jani lililotobolewa. Sikuona konokono, wala nyungunyungu nilipochimbua, na badala ya kujiuliza nikawa nawaonyesha wageni kwa majivuno. Kuku wetu mmoja aliyezoea kuparua kwenye viroba alikutwa amekufa, nikalaumu kideri. Wa pili nikalaumu joto.

Kisha mama akaanza kulalamika kwamba mdomo wake una ladha ya chuma. Tumbo nalo likawa linamsokota kila baada ya kula. Nikamwambia hizo ni mbinu za kukwepa bakuli.

"Maliza, mama," nilikuwa namwambia, nimemsimamia kichwani mpaka anamaliza. Mimi mwenyewe sikuonja. Mboga chungu siziwezi.

Asubuhi moja alitoka kunisaidia kuhamisha miche. Alizamisha mkono ndani ya kiroba, akatulia. Akatoa kitu kidogo, akakifuta kwa kanga, akawa anakizungusha kwenye vidole. Kwa macho yake asingeweza kukitambua, lakini vidole vilikijua.

"Hii ni ncha ya bomba la baba yako," akasema. "Lile alilokuwa anabeba mgongoni kupulizia kahawa."

Akanigeukia.

"Ulichimba nyuma ya stoo."

"Ndiyo, mama."

"Hapo ndipo alipokuwa anachanganya dawa, miaka yote. Na zilizobaki alizifukia hapo hapo. Hata magimbi hatukuthubutu kupanda."

Alinikabidhi ile ncha ya shaba, akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Alinawa muda mrefu sana. Mimi nilibaki nimesimama kati ya viroba vyangu, mboga zimenawiri kila upande, na nikaogopa kuliko siku tuliyomzika baba. Miezi minne nilikuwa nimemlisha kwa mkono wangu, kwa ukali wangu.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Daktari, kijana mpole, alimpa mama shikamoo, akafungua faili. Vipimo vya safari hii vilimfanya arudie ukurasa mara mbili.

"Mama anakula nini siku hizi?" akauliza.

Swali hilo hujibiwa na mimi kila mara, tena kabla halijaisha. Safari hii niliukumbatia mkoba wangu. Mama akaniwahi.

"Mboga tu, baba. Mwanangu huyu ananilimia mwenyewe, ananitunza vizuri sana."

Daktari alitabasamu akaanza kuandika. Chini ya meza mama alinishika goti, akalibana, ninyamaze.

Nikafungua mkoba, nikaiweka ncha ya bomba juu ya faili. Nikaeleza ilikotoka. Kalamu ikasimama.

"Amekula kwa muda gani?"

Mama aliondoa mkono wake gotini pangu. Aligeuza uso upande wangu, akaacha nijibu mimi.