Kadi ya Kijani ya Mama

Adabu za mama yangu zilinikera maisha yangu yote, na anayetaka kununa kwa hilo na anune. Kwetu kisiwani Songo Mnara mtu mzima akiulizwa hali hujibu "alhamdulillahi" kwanza, hata kama roho iko kooni. Ukweli atautoa baadaye, kidogo kidogo, ukimbembeleza. Hospitalini hakuna anayekubembeleza.

Siku ile kifua kilianza kumbana tukiwa bado kwenye boti ya kwenda bara, na jasho likalowesha kanga yake yote. Tulipofika hospitali tulikuta chumba cha dharura kina mpango mpya wa kupunguza kusubiri. Zamani ulikuwa unaacha kandambili zako kwenye foleni, basi. Sasa muuguzi anasimama mlangoni, anakuuliza mawili matatu, anakupa kadi. Nyekundu unaingia. Kijani unakaa.

Mbele yetu alikuwepo mwanamume mzima aliyejikata kidole kwa kisu cha samaki, analia na kumwita bibi yake aliyekwisha kufa. Akapewa nyekundu.

Muuguzi akamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, sijambo. Nyie hapa hamjambo? Poleni na kazi."

Nikaingilia. "Dada, huyu kifua kinambana, hata kupumua kwa shida."

Mama akanifinya mkono. "Mwache mwenzio afanye kazi. Uchovu wa safari tu huu."

Muuguzi akampa kijani. Nikamwomba ampime presha. Akasema kipimo kiko ndani, kwa yule wa kidole.

Tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia mama waziwazi: mficha maradhi kifo humuumbua, piga kelele. Akasema anaona haya, watu wanatazama. Wallahi nilimchukia saa ile, na muuguzi nikamchukia zaidi. Nikarudi mlangoni kugombana. "Dada, fuata utaratibu," akanijibu. "Mgonjwa mwenyewe amesema hajambo."

Niliporudi kwenye benchi, mama alikuwa ameegemea ukuta, kadi mapajani, macho wazi. Nilimtikisa, nikamwita, hakuitika. Wa kidole akatoka na bendeji yake nyeupe, akapita mbele yetu akimwambia mwenzake afadhali siku hizi hawacheleweshi watu.

Wakaja mbio wote, daktari na muuguzi na kipimo chao, wakati wa kukimbia umekwisha. Tukampeleka chumba cha maiti. Huko mlango ulikuwa wazi, na mhudumu akatupokea papo hapo.