Hirpa na Mchezo Usio na Mshindi

Hirpa wa mashine ya kusaga hajui kukaa. Hata akiwa kitini mguu wake mmoja unachezacheza, na wateja wanaosubiri unga wa shayiri humtania kwamba akifungwa kwenye jiwe la kusagia, umeme hautahitajika. Ujanani alikimbia, akawa wa pili. Yule aliyemshinda alipanda ndege kwenda kukimbia ng'ambo, akarudi akajenga ghorofa pale njia panda, na Hirpa huipita kila asubuhi akiangalia upande mwingine.

Sisi wa Bekoji, mji wa wakimbiaji huku milimani Ethiopia, ndivyo tulivyo. Mtoto huulizwa anakimbia kwa muda gani kabla hajaulizwa jina. Basi binti yake Meti alipoanza kuonyesha kuwa ana miguu ya mbio, Hirpa alijivika shingoni saa ya kupimia mbio na hakuivua hata akienda msibani. Mwaka mzima mambo yakaenda. Kisha mtoto akaanza kutapika asubuhi za mashindano, na mwezi uliopita, akiwa amewaacha wenzake wote, akakaribia mstari wa mwisho, akasimama, akakaa chini kwenye majani. Wakampita. Hakulia. Tangu siku ile hacheki, na baba yake akiingia chumbani, yeye hutoka.

Hilo ndilo lililomchoma Hirpa. Vicheko vya mashineni alivivumilia.

"Hivi binti yako alikaa pale akingoja kahawa?" jirani yake Dhaba alimuuliza huku akijitwika gunia.

"Alichoka."

"Kachoka na wewe, bwana."

Nyumbani, mkewe Askale alimvua ile saa shingoni akaifukia ndani ya debe la shayiri. "Baba Meti, mtafutie mtoto kitu kisicho na kushinda wala kushindwa. Acheze tu. Umenisikia? Acheze."

"Nitakipata," alisema Hirpa, na kesho yake alfajiri akaanza kukitafuta mbiombio, utadhani kuna mwingine anayekiwinda.

Alianza na farasi wa shemeji yake. Meti alimpenda yule farasi. Alimlisha, akamchana manyoya ya shingoni, akazunguka naye uwanjani taratibu. Hirpa alijizuia, akajizuia, mwisho uzalendo ukamshinda. "Mchape kidogo tuone kama atamfikia yule wa Dhaba!" Meti akashuka, akamkabidhi kamba bila neno.

Ukafuata ususi wa vikapu kwa shangazi wa Askale. Hapo Hirpa alijua amepata, maana nyasi hazikimbii. Alipokwenda kumchukua mtoto alikitazama kile kikapu, moyo ukamjaa, akasema kwa furaha ya kweli, "Mwanangu, chako kimepita vya wote!" Jioni Askale alimkuta Meti mlangoni anakifumua, duara baada ya duara, mpaka kikawa nyasi tupu.

"Umemwambia nini tena?"

"Nimemsifu!"

"Ee Mungu wangu! Wewe hata sifa unazigawa kwa nafasi, huyu wa kwanza, huyu wa pili."

Kesho yake mchana Meti hakuonekana nyumbani. Hirpa alifunga mashine unga wa watu ukiwa ndani, akapanda mlima kumtafuta. Alimkuta kwenye msitu wa mikaratusi, amelala chali, macho juu.

"Unafanya nini huku?"

"Jani likianguka, nalitazama mpaka chini."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Hirpa akalala kando yake. Mguu ukaanza kuchezacheza. Kule juu majani mawili yakang'oka. "Lile langu! Haya, tuone lipi litafika..."

"Baba. Umeanza."

Hirpa akakishusha kidole. "Nisipoanza, mwanangu, sijui nikuambie nini," alisema, na alimaanisha.

Meti akafikiri. "Usiniambie kitu."

Wakanyamaza. Ilimuuma Hirpa kunyamaza namna ile, akawa anageuka ubavu huu na huu. Mara vishindo vya miguu vikasikika bondeni, vijana wa mazoezi wanakuja, na shingo yake ikainuka yenyewe ili imwone anayeongoza. Akaivuta shuka yake ya begani, akajifunika uso gubigubi.

"Baba, ndiyo nini hiyo?"

"Nyamaza. Wapite kwanza."

Meti akacheka. Akacheka mpaka akakaa, kisha akainuka na kuteremka mteremko mbio, mikono ameitanua, akipita huku na kule kati ya ng'ombe wa watu. Hirpa alifunua uso. Alikuwa hajawahi kumwona akikimbia vizuri hivyo. Moja, mbili, tatu, kichwa kilianza kuhesabu bila kumwomba ruhusa.

Meti alirudi akihema, akasimama mbele yake. Kicheko kikamwishia. "Umenihesabu?"

Angeweza kukana. "Nimekuhesabu," alisema. "Mpaka pale kwa ng'ombe mwekundu. Hapo ukacheka, nikapotea."

Meti akamshika kidole, wakashuka pamoja.

Askale alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Alikuwa wapi huyu?"

"Mlimani. Amekimbia."

"Amekimbia! Kwa muda gani?"

Askale akajiziba mdomo, lakini neno lilikwishatoka. Meti akaganda kizingitini, akageuka kumtazama baba yake.

"Sijui, mama Meti," alisema Hirpa, na ilikuwa kweli.