Mikono Minne, Blanketi Moja

Saa moja asubuhi king'ora cha kiwanda kinalia, kinakohoa katikati kama mtu aliyesahau maneno, kisha kinaendelea. Ndani ya chumba cha kukunjia, wanawake wawili wamelishika blanketi moja la kijivu, huyu huku na yule kule. Wanalikung'uta mara moja. Manyoya yanaruka hewani, na hakuna hata mmoja anayepiga chafya.

Mmoja anasimama palepale, mrefu, miguu haibanduki. Mwingine, mfupi kama mtoto wa darasa la sita, anatembea na pembe zake mbili, anamkabidhi mwenzake, anainama kuudaka mkunjo unaoning'inia, anarudi nyuma, anakuja tena. Blanketi limeisha. Linatua juu ya mengine, na jingine linashikwa.

"Polepole, unanijia kama unanidai," anasema yule mrefu.

"Wewe simama tu. Leo ukitikisika tumekwisha."

Hasemi mzaha. Mlangoni amesimama msimamizi wa zamu, mikono nyuma, anatazama. Wakunjaji hawa wawili wamepewa asubuhi moja tu. Mpaka king'ora cha mchana, rundo lao liwe limelingana na la wenzao wa pembeni. Likipungua, yule mrefu anarudi nyumbani, na safari hii hataitwa tena.

Kiwandani hapa huyu mfupi wanamwita Kiroboto. Mrefu ni Mnara. Wamekunja mablanketi pamoja tangu wakiwa wasichana, na leo Kiroboto ana wajukuu wawili.

Magazeti wiki hizi yanaandika kwamba uchumi umeanza kupumua. Ni kweli, na mwenye macho anaona. Bomba la moshi la kiwanda limeamka. Hospitali na shule za bweni zimeagiza mablanketi. Muuza chai wa getini, aliyekuwa amebaki na benchi moja, amelirudisha la pili na anasema anatafuta la tatu. Haya yote ni mema. Ila anayetangaza kwamba uchumi unapumua angetaja pia nani aliyeukaba.

Wafanyakazi hawajasahau. Tangazo la kufunga lilibandikwa getini Ijumaa jioni, zamu ikiwa imeshatoka, ili asiwepo wa kuuliza. Liliandikwa "likizo fupi". Likizo hiyo fupi ilikula miaka mitatu. Watoto waliokuwa wananyonya siku ile, leo wanatumwa dukani. Mkurugenzi aliyetia saini hakulala njaa hata siku moja. Kitu pekee kilichobadilika kwake ni gari, nalo lilibadilika likawa jipya.

Kiroboto aliingia kufua nguo za watu. "Nilifua mpaka nikawajua kwa kola zao," anasema. "Huyu anatoka jasho la woga, yule ana mwanamke mwingine, wote nawajua."

Kilichomshinda ni kuanua mashuka. Mikono yake ilikuwa imezoea kuwa minne. "Nashika pembe mbili, nanyoosha, naita, 'Mnara, shika!' Kimya. Mwenye nyumba anachungulia dirishani, ananiona nimesimama na shuka naongea na ukuta. Alinipa siku mbili za kupumzika. Bila malipo, lakini."

Mnara alikwenda kwenye ujenzi. Miaka mitatu alibeba ndoo za zege kichwani, akipanda ngazi za ghorofa zisizo na ukuta wala pa kujishikia. Ghorofa lilikwisha, likapakwa rangi, watu wakahamia. Magoti yake yalibaki huko.

Kiwanda kilipofunguliwa wiki chache zilizopita, kati ya watu karibu mia tatu waliotolewa, hawakufika sitini walioitwa. Kwenye chumba cha kukunjia wakubwa walileta akili mpya. Kila jozi ina anayesimama na kupokea, huyo anaitwa kichwa, na ina anayetembea, huyo anaitwa miguu. Wakaitwa vichwa peke yao. Kwa upande wa miguu, wakala wa vibarua alipewa oda ya wasichana wa kulipwa kwa siku.

"Afisa utumishi alituambia, kutembea kila mtu anajua," anakumbuka Kiroboto, ambaye wakati huo ndiye alikuwa kichwa. "Nikamwambia, bosi, na kula pia kila mtu anajua, mbona wewe hutugawii?"

Siku ya kwanza vichwa walifika kwa wakati, wakavaa aproni, kila mmoja akachukua pembe zake mbili za blanketi, wakasimama. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyebeba bango. Walisimama tu, mablanketi yakining'inia hadi sakafuni, upande wa pili hauna mtu.

"Wale wasichana hawakuwa na kosa. Njaa yao na yetu ni ndugu," anasema. "Tukawaambia, kaeni, wadogo zetu, nyie mtapangiwa kazi ya kufunga mizigo. Hii ina wenyewe."

Lori la hospitali lilikuwa linanguruma getini. Meneja alishuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo wakongwe wanasema hawakumbuki kuliona.

"Kuna nini hapa?"

"Tunawangoja wenzetu," Kiroboto akamjibu. "Wako majumbani, hawako mbali."

Wiki iliyofuata miguu wakaitwa, na wasichana wakabaki kwenye mizigo. Wote wakaingia isipokuwa mmoja. Afisa utumishi alimwona Mnara akipanda ngazi za ofisi, ameng'ang'ania chuma cha pembeni kama mtu anayevuka mto.

"Mama, kazi hii ni ya kutembea kutwa. Magoti yako hayaiwezi."

Mnara alimtazama kutoka juu, maana huyo kijana anamfika begani. "Mwanangu, nilipotoka hapa nilikuwa nayo mazima."

Hapo ndipo pa kukasirika, na msomaji akasirike. Kiwanda kilimtoa mtu mzima wa afya, kikamwacha akauze magoti yake apate unga, kisha kinampokea kwa kumkagua kama mbuzi wa mnadani. Kama si Kiroboto, mambo yangeishia hapo.

Yeye aliomba neno moja: wabadilishane. Mnara asimame kichwani, yeye atembee.

"Wewe?" Afisa alicheka. "Na hiyo miguu yako ya kuku?"

"Kuku anafika, bosi."

Wakapewa majuma mawili ya kujifunza na asubuhi moja ya kujaribiwa.

Chumba cha Kiroboto kina kitanda, meza, na jiko nyuma ya pazia. Kila jioni mumewe, fundi baiskeli, alikuwa akiisukuma meza ukutani, anashika pembe za blanketi lao la kulalia, na mkewe anatembea. Mnara alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiyapumzisha magoti na kutoa amri.

"Shemeji, nyooka! Wewe sasa ni mimi!"

"Nitanyooka vipi, na dari lenyewe hili?"

"Anakunja kama anakamata mwizi," Kiroboto anamsema mumewe, na mumewe hakatai. "Lakini hakukosa hata jioni moja. Mikono ina grisi, blanketi letu limekuwa ramani."

Tatizo lilikuwa hatua. Mahali ambapo Mnara alipiga mbili, Kiroboto anapiga tatu, na kwa kutwa nzima hiyo ya tatu inageuka safari. Dawa waliipata kwa bahati. Jioni moja Mnara alichoka kuona shemeji yake akizubaa, akanyanyuka kwenye ndoo, akalishika blanketi yeye. Bila kusogeza mguu, akainama mbele na ile mikono yake mirefu, akazidaka pembe katikati ya njia. Ile hatua ya tatu haikuhitajika tena.

"Tukatazamana," anasema Mnara. "Shemeji akasema, kwa hiyo mimi nimefukuzwa? Nikamwambia, umepewa likizo fupi."

Asubuhi hii ndivyo wanavyofanya. Kiroboto anakuja, Mnara anainama, pembe zinakutana hewani. Shingo ya Kiroboto inang'aa jasho. Vifundo vya miguu vimeanza kuvimba na haviangalii. Msimamizi ameacha kutazama saa. Naye alikuwa nje miaka mitatu, akiuza vocha kwenye kona, na hilo linaonekana usoni pake.

King'ora cha mchana kinalia. Msimamizi anaweka ubao juu ya marundo mawili, lao na la jirani, anainama na kufumba jicho moja.

"Yanalingana," anasema.

"Hayalingani," anasema Mnara, ambaye peke yake anaona juu bila kujinyoosha. "La kwetu limezidi."

Chumba kizima kinacheka. Msimamizi anauondoa ubao, anajikuna shingo. "Haya, mama. Maliza zamu ya leo, na Jumatatu njoo na kitambulisho."

Kiroboto hakai chini kufurahia. Mkataba waliopewa ni wa miezi mitatu, na anajua miezi mitatu inavyokwisha. Anataka wa kudumu, kwa wote, na wasichana wa mizigo wakiwemo. Ukumbini kwa wafumaji, nusu ya mashine bado zimefunikwa turubai, na wenyewe wako mitaani wakifua na kubeba.

"Nataka nizisikie zote zinanguruma, mpaka tuongee kwa vidole," anasema. "Meneja ameshajifunza njia ya kushuka ngazi. Atashuka tena."

Chai yake ameinywa nusu. King'ora kinakohoa, kinaendelea. Anachukua blanketi, anatafuta pembe mbili, anarudi nyuma.

"Mnara, shika!"

"Nimeshika."