Mzee Aliyekaa Chini ya Samaki

Upepo ulipotulia, tuliokuwepo ni hawa. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo jirani yangu, ambaye si wa damu yangu wala wa dini yangu. Ni Mmeru aliyeolewa na askari wa hapa, akafiwa, akabaki. Kati ya ua wake na wangu palikuwa na boma la miiba, lakini mbuzi walishalimaliza zamani, siku hizi tunapita tu. Walikuwepo wajukuu zake anaowalea, mama yao yuko Nairobi akitafuta. Alikuwepo mke wa mwanangu, mtoto mgongoni. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye tangu ndevu zake ziwe nyeupe hakuna jambo la mtaa wetu wa Wabera linaloamuliwa kabla hajakohoa. Na alikuwepo mwenye duka la kona, ambaye hana undugu na mtu yeyote isipokuwa mizani yake.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya babu zao mpaka yule aliyehamia kutoka upande wa Gotu na ngamia mmoja kilema. Siyaandiki. Watu hawa naonana nao kila siku, na bado nataka kuuziwa maziwa.

Asubuhi ile redio ilisema kuna kimbunga baharini. Shemeji akacheka mpaka miraa ikamtoka mdomoni. "Bahari iko wapi na Isiolo iko wapi?" akasema. "Hicho kikifika hapa kitakuwa kimechoka, tutakipa maji ya kunywa."

Basi kilifika, na hakikuwa kimechoka. Sijui kama kilikuwa kile cha redio au jamaa yake tu. Watu walikuwa wametoka sala ya adhuhuri, mara vumbi jekundu likasimama upande wa Kipsing kama ukuta, likaja na upepo, na nyuma ya upepo ikaja mvua ya kulala ubavu. Miaka tumeomba mvua. Ikaja kama mtu aliyeudhika kuombwa sana.

Hakuna aliyekufa mtaani kwetu, alhamdulillahi. Kuku wengi walikwenda, miti ililala, choo cha msikiti kilihama. Lakini nyumba iliyovuliwa kichwa kizima ni ya jirani yangu. Tuliona mabati yake yakinyanyuka moja baada ya jingine, bila haraka, yakaenda zake juu ya mtaa.

Mabati yale nayaeleza, maana hayakuwa kama ya watu wengine. Zamani palikuwa na hoteli kando ya barabara, ya mtu wa ziwani, ukuta wake wa mabati mekundu yaliyochorwa chakula: kikombe, chapati, bakuli la mchuzi, na samaki mkubwa mwenye jicho la mshangao. Barabara ilipopanuliwa hoteli ikavunjwa, na yule askari akayachukua mabati akaezekea nyumba. Mtoto yeyote wa Wabera angeweza kukuonyesha nyumba yenye samaki juu.

Sasa tuje kwenye huruma. Watu wa Isiolo wana huruma, asikudanganye mtu. Walianza kuja kabla matope hayajashika. Walikuja na sukari na majani ya chai, kama inavyotakiwa, wakakaa juu ya vitu vyake vilivyolowa, wakasema pole, pole sana, Mungu ndiye ajuaye. Halafu wakakaa wakitazama jiko. Kwa kuwa mgeni hawezi kuondoka bila chai, yule mwanamke asiye na paa aliwasha kuni mbichi, moshi ukimla macho, akapika. Wakainywa sukari waliyoileta. Wakija wengine, hivyo hivyo. Mke wa mwanangu aliniambia, "Mama, huyu, kimbunga hakikummaliza, pole ndiyo itammaliza."

Na kila aliyekuja alikuwa na msiba wake wa kusimulia. Mmoja upepo ulimchukulia kandambili. Alilia kandambili ile mpaka jirani yangu akambembeleza.

Mheshimiwa naye akaja. Alileta mablanketi, na kijana wa kupiga picha. Joto la Isiolo mnalijua. Blanketi hapa ni kitu cha kufunikia maziwa ya ngamia. Kijana akamwambia jirani yangu alishike blanketi kifuani. "Mama, angalia chini kidogo. Kama mtu aliyepoteza kitu."

"Nilichopoteza ni paa, mwanangu," akajibu. "Kwa hiyo naangalia juu."

Mheshimiwa akasema paa linashughulikiwa. Akapanda gari. Matope ya magurudumu yake ndiyo tuliyobaki nayo.

Mwenye duka ndiye aliyekuja mara nyingi kuliko wote, na ushauri wake ulikuwa mmoja. "Mama, wewe una watu wako huko milimani. Kuna baridi nzuri, kuna ndizi. Nenda upumzike. Hapa tutakuangalizia." Siku moja nikamwona nyuma ya nyumba ya jirani akitembea kwa hatua ndefu kutoka mwisho wa ua hadi kwenye choo, midomo ikihesabu. Nikamuuliza, "Umepoteza nini hapo?" Akasema ananyoosha mgongo.

Ndipo nikaogopa. Sisi wa Isiolo tunajua: ploti isiyo na moshi hupata mwenyewe mwingine kabla jua halijazama, naye huja na mashahidi. Na kaka yake jirani alikuwa ameshapiga simu. Jumamosi anakuja na lori, akasema. Kama nyumba bado iko wazi, anampakia yeye na wajukuu, hataki dada yake alale chini ya mawingu kama ndama.

"Nikienda," jirani aliniambia tukichambua mchele, "sitarudi mahali hapa. Na kule nitakuwa mgeni wa mke wa kaka yangu mpaka nife. Atanipa kikombe chenye ufa."

Mchana ule mke wa mwanangu akarudi kutoka kisimani akicheka hata mtungi ukamwagika. Akanivuta mkono hadi kwa shemeji. Pale langoni kwake shemeji ana kibanda cha kivuli, ndipo wazee hukaa alasiri kutafuna na kuamua mambo. Kilikuwa cha makuti ya mkoma, upepo ukakibeba. Sasa kilikuwa na paa jipya la bati. Alikuwa ameligeuza, rangi iangalie chini, ili wapitaji wasilijue. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, na juu ya kilemba chake samaki amemtolea macho.

Mtu anayetujua ataelewa kwa nini tulicheka. Samaki kwetu Waborana ni nyoka aliyejifunza kuogelea. Shemeji akishikwa na njaa ya kufa hatakula samaki.

"Shemeji," nikamwambia, "huyo amekuja lini kukutembelea?"

Akatazama juu, akatazama chini. "Hili bati limeanguka katika ua wangu kwa amri ya Mungu."

"Na amri ya kupigilia misumari ilitoka kwa nani?"

Akakohoa. Akasema jambo hili ni zito, linataka wazee. Kumbe kila bati lilikuwa na mchungaji wake. Chapati ilikuwa juu ya zizi la kwanza baada ya msikiti, kikombe kimeziba dirisha la mtu aliyeleta sukari kilo mbili. Wote walikuwa wamempa pole, na wakarudi kulala chini ya paa lake.

Wazee wakakaa Alhamisi, chini ya samaki huyo huyo. Mimi na jirani tulikaa pembeni. Nilisema langu mapema: "Mnyama aliyepotea akiingia zizini kwako, ana alama ya mwenyewe sikioni, unafanya nini?" Nilidhani nimewabana. Sikujua nimewafungulia mlango. Waliongea uzuri wa mila yetu mpaka jua likainama. Mmoja alitoa machozi.

Mwishowe shemeji akakohoa, akatoa hukumu. Bati, alisema, ni kama mnyama aliyepotea. Aliyemuokota hakuiba, amemchunga. Na mchungaji wa mnyama wa mwenzake ana haki ya kunywa maziwa kwa jasho lake. Maziwa ya bati ni kivuli. Basi wachungaji watakunywa kivuli mpaka mvua zikatike, halafu mabati yatarudi kwa heshima.

"Mvua zikikatika," nikasema, "paa la nini?"

"Shemeji, usiwe na haraka. Mila haina haraka."

Jirani yangu akasogea karibu na mkeka. Sasa akasema, kwa Kiborana chake cha miaka yote ile, kilichonyooka kuliko cha wajukuu zangu. "Wazee, nauliza tu kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja. Maziwa mnakunywa mpaka mvua zikatike, au mpaka mwenye mnyama afike?"

Wakatazamana. "Mpaka mwenyewe afike," akasema mzee mmoja asiyejua kusema uongo, na wenzake wakamtazama vibaya.

"Mimi nimefika."

Shemeji ana akili, sitamnyima hilo. Akatabasamu. "Kufika si kufika hivyo, mama. Mwenye mnyama ametoka safari. Hatumpi mnyama wake mlangoni kama mwombaji. Hukaribishwa, hupikiwa, huchinjiwa, hulala mpaka uchovu umtoke. Ndipo anafunguliwa mnyama wake. Haraka ni aibu kwetu sisi."

"Ni kweli," akasema jirani. "Haraka ni aibu. Asante mzee, nimekaribia." Akavua viatu, akakaa katikati ya mkeka, mahali pa shemeji penyewe. Halafu akamwita mke wa mwanangu. "Niletee wajukuu. Na mablanketi ya mheshimiwa."

Sijawahi kuona wazee wakisimama kwa pamoja vile. Miraa ilibaki mkekani, jirani akaisogeza kwa adabu na kuiweka kwenye kona, akatandika mablanketi yote. Wajukuu walikuja na kuku aliyebaki. Mvua ikaanza tena, na wageni wakawa wakavu.

Mke wa shemeji akatoka jikoni kuona kelele ni za nini. Alipoelezwa alirudi jikoni. Mgeni ni mgeni. Alipika. Watoto wakala wakaomba nyingine. Jirani akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Na ile ya kuchinja, mzee, ni leo au kesho? Nisije nikashiba mapema." Wapita njia wakasimama. Akina mama wakaja na chai zao kumtembelea mgeni, na yeye akiwakaribisha kwa jina la mwenye nyumba. Shemeji alikwenda kukaa msikitini. Sijapata kumjua mcha Mungu kiasi kile.

Ijumaa asubuhi mke wa shemeji akachukua nyundo. Nilimsikia kutoka kwangu. "Mnyama amepona," alimwambia mumewe. "Na mgeni hana uchovu tena, uchovu umehamia kwangu. Panda juu, au nipande mimi watu wakuone umesimama chini."

Shemeji akapanda. Misumari aliyoipigilia mwenyewe ilimsumbua, alikuwa ameipigilia kwa bidii.

Jirani akashukuru, akakunja mablanketi, akasema kwa sauti ya kufika mwisho wa mtaa, "Sasa naenda kumtembelea aliyechunga kikombe. Kwake pia nitalala mpaka uchovu uishe." Hakufika mbali. Mabati yakaanza kutembea. Yalitoka nyuma ya mazizi, juu ya vibanda vya kuku, chini ya vitanda, kila mmoja akibeba lake kichwani na kusema alikuwa njiani kulileta, hata jana alitaka kulileta. Mwenye duka alitoa mawili. Alisema alikuwa akiyalinda na wezi. Aliyalinda vizuri, hata mwenyewe hakuyaona.

Jumamosi lori lilipofika, watu walikuwa juu ya nyumba wanapigilia. Mwenye duka ndiye aliyempokea kaka mtu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamweleza jinsi jamii ilivyosimama pamoja, Waislamu kwa Wakristo, usiku na mchana. Kaka akaguswa. Akasema huko kwao watu wanasemwa vibaya, watu wa Isiolo, lakini sasa ameona utu kwa macho yake.

Jirani alikuwa anakatakata vitunguu. Alijifuta macho, akasema ni vitunguu.

Kaka akazunguka nyumba, akatazama juu kwa muda mrefu. Chapati ilikuwa imekwenda kwenye pembe isiyo yake, bakuli la mchuzi limegeuka, samaki amelala chali na jicho lake linatazama Mlima. "Dada," akasema, "hii nyumba ni mbaya."

"Ni mbaya," dada akakubali. "Lakini haivuji. Kula chapati, halafu rudi na lori lako kabla barabara haijaharibika."

Alikula, akashusha magunia ya viazi aliyokuwa ameyaleta, akaondoka. Moshi wa jirani unapanda kila asubuhi, na mwenye duka mgongo wake umenyooka, hatembei tena nyuma ya nyumba. Shemeji anasema katika kila baraza kwamba mila ndiyo iliyorudisha paa la yule mjane. Ni kweli, mila ndiyo. Simpingi. Wageni wanaotoka mbali wanamsikiliza na kutikisa vichwa.

Mimi macho yangu yana utando, na siku ile ya mabati kutembea nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nacheka, na machozi huongeza utando. Kwa hiyo inawezekana nimempa mtu bati lisilo lake, au nimemwacha aliyeleta lake kwa hiari bila kutishwa na mgeni. Kama alikuwepo mtu wa namna hiyo, namwomba aje anisahihishe. Aje mchana, asimame katikati ya ua wangu, aseme ni lipi na alilitoa wapi. Nitamwita jirani asikilize.