Kuku wa Harusi

Kama uliwahi kupita sokoni ukasikia watu wawili wanabishana habari za Mungu huku manyoya yanaruka, basi mmoja wao alikuwa Baba Kuku. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila hata kanisani walishalisahau. Alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili suti na viatu vya kung'aa, siku nyingine zote aproni ya plastiki mpaka magotini. Alifuga kuku nyuma ya nyumba, akawaleta sokoni kwenye matenga. Mteja anachagua, kuku anachinjwa, anatiwa maji ya moto, ananyonyolewa, anaondoka kwenye mfuko.

Ila kuchinja hakuchinja yeye. Aliyechinja ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mwislamu wa swala tano, ambaye soko zima lilimwita Jirani kwa kuwa Baba Kuku alimwita hivyo. Mpango huo waliuanza wakiwa vijana, na haukuhitaji kikao: akichinja Jirani, kila mtu anakula. Mkristo anakula, Mwislamu anakula, na asiye na dini anakula na kulalamika kwamba kuku alikuwa mdogo. Jirani alimlaza kuku, akataja jina la Mungu, akapitisha kisu, basi.

Na midomo haikupumzika.

"Hebu nieleweshe," Jirani husema, "nikikupa kuku mmoja nikakwambia ni watatu, utanielewa?"

"Ndiyo maana nimekuachia kisu tu," Baba Kuku humjibu. "Hesabu za mbinguni niachie mimi."

Wateja walicheka, wengine wakaongeza chumvi. Lakini katika utani huo waliulizana ya kweli. Mke wa Baba Kuku alipofariki, ni Jirani aliyemuuliza, wote wameinamia karai, kama kweli anaamini atamwona tena. Baba Kuku akasema anaamini, ila asubuhi akiamka haamini sana. Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote kanisani. Jirani hakumhubiria. Alisema tu, "Basi mimi nitakuombea asubuhi," wakaendelea kunyonyoa.

Akaja mchungaji mpya. Sitamsema vibaya, alikuwa mtu wa watu, mgonjwa hajalala siku mbili yeye keshafika. Lakini kwenye kikao cha wazee aliuliza, kwa upole kabisa, inakuwaje mzee wa kanisa awauzie waumini nyama iliyochinjwa kwa dua ya imani nyingine. Macho yote yakamgeukia Baba Kuku.

Hapo ndipo ninapomkasirikia Baba Kuku mpaka leo. Maandiko yanayosema nyama ya sokoni iliwe bila kuulizauliza aliyajua fika. Yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo. Angesema neno moja tu, mchungaji angelifikiria. Badala yake akasema, "Tutalitazama."

Kulitazama kwenyewe kulikuwa hivi. Asubuhi iliyofuata alimkuta Jirani ananoa kisu, akazunguka weee, mwishowe akasema, "Ndugu yangu, naona siku hizi unachoka. Pumzika kidogo."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Siyo mimi. Ni kanisa."

"Si wewe ndiye mzee wa kanisa?"

Baba Kuku akainama, akaanza kupanga matenga ambayo yalikuwa yameshapangwa.

"Miaka yote hii nikitaja jina la Mungu ulikuwa unanisikia," Jirani akasema. "Ulidhani namtaja nani?"

Akafuta kisu, akakifunga kwenye kitambaa, akaenda zake. Hakugombana, na heri angegombana.

Nafasi yake ikachukuliwa na mwimba besi wa kwaya, mtu mwenye sauti ya kutikisa madirisha lakini kuku akipiga bawa anaruka nyuma. Wateja wa Kiislamu wakawa wanapita kwa mbali, wanasalimia kwa heshima, hawasimami. Na kituko ni kwamba kanisa likamteua Baba Kuku kwenye kamati ya mazungumzo ya dini, eti kwa sababu anajua kuishi na wenzetu. Akasimama ukumbini, akaongea habari za ujirani mwema, wakampigia makofi. Kurudi nyumbani, akapita mlango wa Jirani kwa kunyata, mtu mzima na mvi zake.

Dhamiri ilimsuta, ila alikuwa na tumaini moja: harusi ya binti yake. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa muuguzi katika mji wa mbali, na hakuna aliyemwambia yaliyotokea. Alilelewa nusu kwa baba yake nusu kwa Jirani, akimwita Baba Mdogo tangu anaanza kusema. Baba Kuku alijiambia kwamba siku hiyo Jirani atakuja, wataketi pamoja, watakula, na mambo yataisha bila mtu kuomba radhi. Ndivyo wanaume wengi tunavyopenda mambo yaishe.

Njia ya kuyamaliza ilikuwepo: amwombe Jirani achinje kuku wa harusi. Alifika mpaka mlangoni kwake, mkono tayari uko juu. Akamfikiria mchungaji kwenye meza kuu, akaushusha. Kuku wakachinjwa na yule besi.

Jirani alikuja kweli, kanzu imepigwa pasi, mkewe kando, zawadi mkononi. Wakawekwa meza ya ndugu. Bibi harusi mwenyewe, shela amelikunja mkononi, akamletea sahani imejaa kuku.

"Baba Mdogo, leo nakuhudumia mimi."

Jirani akaipokea kwa mikono miwili, akamwombea baraka, akaiweka mezani. Kisha akachukua soda.

"Huli?"

"Nimeshiba furaha, mwanangu."

Binti hakudanganyika. Akatazama meza ya majirani wengine wa Kiislamu: soda, soda, maji. Akamfuata baba yake.

"Baba, nani amechinja?"

Baba Kuku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Watu wa kanisa," akasema kwa sauti ya chini.

"Na Baba Mdogo alikuwa wapi?"

Baba Kuku akaanza kunyoosha kitambaa cha meza. Binti hakupayuka. Akarudi, akavuta kiti, akaketi kando ya Baba Mdogo wake na shela lake lote, akaomba afunguliwe soda. Chakula cha harusi yake mwenyewe hakukigusa, na picha zipo.

Wageni walipokwisha kutawanyika, Baba Kuku alikwenda kwa Jirani, na safari hii akabisha hodi. Alikaribishwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomuuma. Familia ilikuwa mezani. Jirani akamsogezea sahani ya nyama. "Karibu, tule." Baba Kuku akanawa, akala.

Akayasema yote: kikao, ukimya wake, mkono alioushusha mlangoni. "Nilikuuza, ndugu yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nisamehe, urudi."

Jirani alitafuna taratibu, akameza. "Nilishakusamehe siku ile ile. Hapa njoo siku yoyote, nafasi yako ipo."

"Na kazi?"

"Kazi hapana."

"Mchungaji nitamwambia mwenyewe. Nitasimama mbele ya kanisa zima."

"Simama. Itakusaidia." Jirani alisema bila ukali wowote. "Lakini mimi nilikuwa nikitaja jina la Mungu pale, najua kando yangu kuna mtu anaitikia moyoni. Sasa nitakuwa najiuliza kama unaitikia, au unachungulia nani anatusikia. Siwezi kuchinja hivyo."

Baba Kuku akatikisa kichwa kukubali. Mke wa Jirani akamwongezea mchuzi, naye akala mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.